Picha za wanyama za historia asilia ni nini? Mcheki faru wa Dürer

Ukisikia watu wa sanaa wanazungumzia picha za wanyama za historia asilia (yaani elimu ya wanyama, mimea na viumbe vingine) za miaka ya 1500 na 1600 huko Ulaya, hawamaanishi kila simba aliyechorwa kwenye nembo ya mfalme. Wanamaanisha picha iliyochorwa ili mtu ambaye hajawahi kumuona huyo mnyama amjue alivyo, yaani picha inasimama kama shahidi. Zamani kidogo vitabu vingi vya wanyama vilikuwa vya kufundishia dini, simba ni Kristo, mbweha ni shetani, sasa hapo mnyama kufanana au kutofanana haikuwa ishu.

Albrecht Dürer, mchoraji wa Nürnberg huko Ujerumani, anaonyesha hii kitu vizuri sana. Sungura wake wa 1502 ni wa rangi za maji, manyoya yanalala kila upande kivyake, na ukisogea karibu na jicho unaona dirisha limeakisi mle ndani. Huyo ni mtu aliyekaa akaangalia.

Halafu kuna faru wa 1515. Tarehe 20 Mei faru wa pembe moja kutoka India alishushwa Lisbon, Sultani wa Gujarat alikuwa amempa Wareno kama zawadi nao wakampelekea mfalme wao Manuel I, na Ulaya ilikuwa haijaona faru hai tangu enzi za Warumi. Dürer hakukanyaga Lisbon, alipata maelezo ya barua na mchoro wa mtu mwingine basi, akachora, ikachongwa kwenye ubao na kupigwa chapa. Ndo maana faru wake kavaa kama deraya ya askari, miguu ina magamba, na juu ya mabega kuna kijipembe cha kujisokota ambacho faru yeyote hana. Lakini mi sikubali wanaosema alidanganya, kwa sababu faru wa India kweli ana mikunjo mikubwa ya ngozi inayogawa mwili vipande vipande, kwa hiyo habari ya msingi ilifika, ila ilifika imeongezewa chumvi.

Faru mwenyewe masikini hakuishi kuona umaarufu wake, mfalme alimtuma kwa Papa Leo X na mapema 1516 meli ikazama karibu na pwani ya Italia, akafa maji akiwa kwenye minyororo.

Picha ndo ikabaki. Ubao mmoja unatoa nakala kibao, zikasambaa, Conrad Gessner, msomi wa wanyama wa Zurich, akaiingiza kwenye kitabu chake kikubwa cha wanyama kilichoanza kutoka 1551, wengine nao wakanakili, na kijipembe kikanakiliwa pamoja nayo! Kwangu hapa ndo kuna utamu wote, maana kosa lenyewe linakuonyesha elimu ilipita wapi: ukikuta faru mwenye kijipembe mabegani, jua mchoraji alikuwa anaangalia karatasi.

Mambo yalibadilika alipoletwa faru mwingine wa India, Clara, aliyefika Rotterdam 1741 na kuzungushwa miji ya Ulaya kwa miaka mingi watu wakilipa kumuona. Mwaka 1749 mchoraji Mfaransa Jean-Baptiste Oudry alimchora Paris kwa ukubwa wake halisi, ngozi ni ngozi, pembe ni moja, na sura hiyo ya Clara ndo ikaingia kwenye kitabu cha historia asilia cha Buffon, mwanasayansi Mfaransa.