Benki, benchi na ukingo wa mto: ukoo wa neno "bank"

Katika tafsiri za kompyuta, na hata katika kazi za wanafunzi, nimekuta zaidi ya mara moja maneno "benki ya mto". Mwandishi wa Kiingereza alikusudia ukingo. Kosa hili linaniuma, kwa kuwa ukingo ni neno zuri la Kiswahili na limesukumwa pembeni pasipo sababu.

"Bank" ya mto ina asili ya Skandinavia, na maana yake ya kwanza ni ardhi iliyoinuka, kama tuta. Ndege inapolala upande ili ikate kona angani, Waingereza hutumia neno hilohilo, kwa sababu ya ule mteremko.

Ile ya fedha ilizunguka zaidi. Mzizi ni uleule wa kale, wa ukoo wa lugha unaojumuisha Kijerumani na zile za Skandinavia, lakini ulipitia Italia, na huko "banca" au "banco" ni benchi. Zama za kati, wabadilisha fedha wa miji kama Florence na Genoa walikaa hadharani, kila mmoja na benchi au meza yake ya kuhesabia sarafu. Jina la samani likawa jina la kazi. Wafaransa wakasema "banque", na Waingereza wakalipokea katika karne ya 15, miaka 200 hivi kabla ya Benki Kuu yao kuanzishwa mwaka 1694.

Kiingereza kilikuwa tayari na mtoto mwingine wa mzizi huo: "bench". Kiswahili kimewapokea wote wawili. Anayesubiri kwenye benchi ndani ya benki amewakuta ndugu wawili chini ya paa moja.

Wagiriki walifika palepale kwa njia yao. Kwao "trapeza" ni meza, na mpaka leo ndilo neno lao la benki. Katika Luka 19:23, bwana anapomuuliza mtumwa kwa nini hakuiweka fedha mahali pa kuzaa faida, Kigiriki kinasema "mezani".

Biashara ikianguka, Waitaliano walisema "banca rotta", benchi lililovunjika, na ndipo Kiingereza kikapata "bankrupt". Hadithi kwamba benchi lilipasuliwa kweli mbele ya wadai mimi naiona kama ngano, kwani kuvunjika kwa biashara hakuhitaji shoka. Sisi tuna kufilisika, na picha yake naipenda zaidi. Limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa "fals", sarafu ndogo ya shaba: muflisi ni mtu aliyekuwa na dirhamu, sarafu za madini ya fedha, sasa amebaki na shaba tupu.

Mwaka 1937, katika Hospitali ya Cook County mjini Chicago, daktari Bernard Fantus alianzisha kituo cha kuhifadhi damu kwenye jokofu. Mwanzoni alikusudia kukiita maabara ya kuhifadhi damu, kisha akachagua "blood bank", kwa sababu damu iliwekwa na kutolewa kama amana. Hapo "benki ya damu" ni tafsiri sahihi kabisa: kuna kuweka, kuna kutunza, kuna kuchukua wakati wa shida. Mtoni hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Kuna udongo ulioinuka kando ya maji, nao unaitwa ukingo.