Taarifa ya Shule Iandikwe ili Mtoto wa Darasa la Pili Aisome

Kila wiki shule zetu za msingi hapa Mwanza huandika matangazo kuhusu kikao cha wazazi, siku ya kugawa dawa za kichocho, mchango wa mahindi ya uji au tarehe ya kufunga shule. Matangazo hayo hubandikwa ukutani karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, hutumwa katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, au watoto huambiwa kwa mdomo wakayafikishe nyumbani. Katika shule hizo hizo, walimu wa darasa la kwanza na la pili husikitika kwamba mtoto akishatoka darasani hana kitu cha kusoma hadi kesho yake. Kazi yangu ni kuwasaidia walimu wa madarasa hayo kufundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na naamini kwa dhati kwamba mambo haya mawili yana dawa moja. Taarifa ya shule iandikwe kwa namna ambayo mtoto wa miaka saba au minane anaweza kuisoma mwenyewe mbele ya mzazi wake.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima tutazame jinsi mtoto anavyojifunza kusoma Kiswahili. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015 ulizipa KKK sehemu kubwa ya muda wa masomo, na ulimtaka mwalimu aanze na sauti za herufi kabla ya majina yake, kisha aziunganishe sauti hizo kuwa silabi, silabi ziwe maneno, na maneno yawe sentensi. Lugha yetu inamsaidia sana mwanafunzi katika safari hiyo, kwa sababu ina irabu tano tu, kila irabu ina sauti yake isiyobadilika, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Mtoto aliyezishika sauti hizo anaweza kutamka neno ambalo hajawahi kuliona maishani mwake.

Ugumu wa Kiswahili uko mahali pengine, na wanaoandika matangazo ya shule mara nyingi hawaufikirii. Kwanza, maneno yetu ni marefu. Kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na hata masharti, kwa hiyo mtoto anayesoma silabi moja moja akikutana na neno kama wasipowasilisha, lenye silabi saba, akifika mwisho amekwisha kusahau mwanzo. Pili, zipo silabi ambazo konsonanti zake hufuatana, kama vile mbwe, ngwa, shwa na njwa, ambazo hufundishwa baadaye kabisa, baada ya mtoto kuzizoea ma na ba. Tatu, zipo sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama dh, gh, th na ny, na ipo ng' ya ng'ombe, ambayo alama yake ndogo ya juu huwapita watoto wengi bila kuonekana.

Sasa tulitazame tangazo la aina inayofahamika katika shule yoyote ya kando ya ziwa:

WAZAZI NA WALEZI MNAJULISHWA KUWA ZOEZI LA UTOAJI WA DAWA ZA KICHOCHO NA MINYOO LITAFANYIKA SIKU YA JUMANNE, HIVYO MNASISITIZWA KUHAKIKISHA WATOTO WANAPATA CHAKULA KABLA YA KUFIKA SHULENI.

Habari yenyewe ni muhimu mno. Kichocho hutokana na vimelea wanaoishi ndani ya konokono wa majini na kuingia mwilini kupitia ngozi, na watoto wetu huoga, hufua na huchota maji ziwani karibu kila siku. Dawa yake humezwa baada ya kula, kwa kuwa mtoto anayeimeza akiwa na njaa anaweza kupata kichefuchefu na maumivu ya tumbo. Mzazi asipoupata ujumbe huo kwa wakati, mtoto huja na njaa, dawa humsumbua, na mtaa mzima husikia kwamba dawa ya shule ni mbaya. Hata hivyo, tangazo hilo limeandikwa kwa herufi kubwa tupu, ilhali mtoto hujifunza kusoma zaidi kwa herufi ndogo. Linaanza na mnajulishwa, neno lenye m inayosimama peke yake kama silabi na shwa mwishoni. Sentensi ni moja tu, ndefu, na jambo analotakiwa kulifanya mzazi limefichwa mwisho kabisa. Maneno kama zoezi la utoaji hayamwambii msomaji chochote, awe mdogo au mkubwa.

Walimu ninaofanya nao kazi huliandika upya tangazo la namna hiyo hivi:

Jumanne tutapewa dawa ya kichocho.
Dawa hii hainywewi na njaa.
Lazima nile kwanza.
Naomba uji asubuhi.

Sentensi hizo zimewekwa katika kinywa cha mtoto kwa makusudi. Akizisoma nyumbani, anakuwa anaomba uji wake kwa sauti yake mwenyewe, na mama anayesikiliza anapata habari yote aliyopaswa kuipata. Silabi zake nyingi ni nyepesi, kila mstari una jambo moja, na hakuna neno lililokatwa mwishoni mwa mstari. Neno gumu limebaki moja au mawili tu, nayo hufundishwa ubaoni asubuhi ile ile. Mwalimu hulichukua neno kichocho, hulitenga kwa silabi, ki-cho-cho, huwaacha watoto waitambue cho inayojirudia, kisha huwauliza maneno mengine yenye silabi hiyo. Kwa kufanya hivyo, kipindi cha kusoma kinakuwa kimefundishwa kwa habari ambayo watoto wenyewe wanataka kuijua.

Shule nyingi zitauliza juu ya gharama, na swali hilo ni la haki, kwa sababu darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya mia moja si jambo geni katika mkoa huu, na hakuna mwalimu mkuu mwenye fedha za kutoa kopi mia moja kila Ijumaa. Kopi hazihitajiki. Mwalimu aandike taarifa hiyo ubaoni au kwenye karatasi ya manila kwa kalamu ya wino mzito, na kila mtoto ainakili katika daftari lake. Kunakili ni zoezi la kuandika ambalo lilikuwa limepangwa kufanyika hata hivyo. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye bado anahangaika na herufi anakili mstari mmoja tu, ule wenye jambo kubwa, na wa darasa la pili anakili yote. Saa na tarehe ziandikwe kwa tarakimu, kwa maana hizo nazo ni sehemu ya KKK.

Nyumbani ndiko kazi ilipo, na wazazi wengi huniambia kwamba hawawezi kumsaidia mtoto kwa sababu wao wenyewe hawakusoma vya kutosha. Ninawasihi sana waliondoe wazo hilo. Katika nyumba moja ya Kayenze nilimwona bibi asiyejua kusoma akimsikiliza mjukuu wake wa darasa la pili huku akianika dagaa. Mtoto alisoma haraka haraka, mikono nyuma, macho hayapo kwenye daftari. Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, rudia, na safari hii weka kidole." Aliporudia kwa kidole, akagundua mwenyewe kwamba alikuwa ameruka neno kwanza katika mstari wa tatu. Kisha bibi akauliza, "Kwa hiyo hiyo Jumanne nikuamshe mapema nikupikie?" Mtoto akatazama tena daftari, akafikiri, akajibu ndiyo. Katika dakika chache bibi yule alikuwa amefanya mambo mawili ambayo mimi huwafundisha walimu kwa siku nzima: kuhakikisha kwamba jicho limefuata maandishi, na kuuliza swali ambalo haliwezi kujibiwa bila kuelewa.

Kidole kina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Watoto wetu hupenda kuimba ba be bi bo bu, na kuimba si vibaya, lakini mtoto anaweza kuimba chati nzima akiwa amefumba macho. Mzazi au dada mkubwa anayetaka kujua kama mtoto anasoma kweli amwonyeshe neno lililo katikati ya mstari, au amwambie aanze na mstari wa mwisho. Mtoto akikwama, msikilizaji asubiri kidogo, kisha amsaidie silabi moja tu na kumwacha amalizie mwenyewe. Kumtajia neno zima kila anapokwama kunamzoesha kusubiri kutajiwa, na kumpiga au kumcheka kunamfanya alifiche daftari.

Jambo moja linahitaji uangalifu katika kanda yetu. Kisukuma hutumia l mahali ambapo Kiswahili kina r, na Kikurya kina desturi ya kinyume chake. Mtoto akisoma kula mahali palipoandikwa kura, asihukumiwe mara moja kwamba hajui kusoma. Aulizwe sentensi ina maana gani. Akieleza kwamba wazazi watachagua kamati ya shule, basi amesoma, na matamshi yatarekebishwa taratibu kwa kusikiliza. Asipoweza kueleza, hapo ndipo pana kazi.

Katika vijiji vya wavuvi, kama Igombe na visiwa vya Ukerewe, kalenda ya taarifa inapaswa pia kuufuata mwezi angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi mingi hupumzika. Kikao cha wazazi kinachoitishwa wakati wa giza huwakosa akina baba wengi, na mtoto anayetakiwa kusoma kwa sauti nyumbani usiku huo huenda hana msikilizaji, kwa sababu alfajiri mama naye yuko mwaloni akipokea dagaa. Mwalimu mkuu anayepanga vikao na usomaji wa nyumbani katika juma la mbalamwezi atapata watu wengi zaidi bila kutumia hata shilingi moja ya ziada.

Wazo la kujifunza kusoma kwa habari za mahali petu si geni Mwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwaka 1972 mji huu ulikuwa makao ya mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima katika mikoa ya ziwa, ulioendeshwa na serikali kwa ushirikiano na UNESCO, na vitabu vya kusomea viliandikwa kuhusu kazi za watu wenyewe, kama kilimo cha pamba na uvuvi. Katika miaka ya 1970 likachapwa hapa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu waliojua kusoma karibuni, kwa sababu ilionekana wazi kwamba mtu mzima aliyejifunza kusoma na akakosa cha kusoma hupoteza alichokipata. Mtoto wa darasa la pili naye hupoteza, tena kwa haraka, hasa katika likizo ya Juni na ile ya Desemba.

Kuhusu makundi ya WhatsApp, sina ugomvi nayo. Naomba tu kwamba mwalimu apige picha ya taarifa ile ile waliyoinakili watoto na kuituma hivyo hivyo, badala ya kuandika nyingine kwa lugha ya ofisini, ili mzazi mwenye simu aisome pamoja na mtoto wake. Na taarifa ya shule isiwe kamwe mahali pa kutaja majina ya watoto ambao wazazi wao hawajatoa mchango, wala alama za waliofanya vibaya. Mtoto aliyenakili aibu yake mwenyewe hatalifungua daftari hilo nyumbani.

Taarifa hizi hazichukui nafasi ya kufundisha sauti darasani, wala nafasi ya hadithi, ambazo mtoto anazihitaji kwa wingi. Zinaongeza mistari minne au mitano ya kusoma kila wiki yenye jambo la kweli ndani yake. Shule inayotaka kuanza isingoje mafunzo. Mwalimu wa darasa la pili na mwenzake wa zamu wakae pamoja Alhamisi mchana na tangazo la wiki hiyo, wapige mstari chini ya kila neno lenye silabi zaidi ya tano, walibadilishe au walivunje, kisha wamwite mtoto mmoja wa darasa la pili, wa kiwango cha kati, aisome rasimu hiyo kwa sauti. Mahali atakapokwama ndipo pa kurekebisha kabla ya kuiandika ubaoni asubuhi ya Ijumaa.