Goti lako, kiti cha mbele, na lawama zinazopotea njia

Kaa kwenye ukumbi wa kusubiria ndege, Dar es Salaam au Nairobi, siku ambayo safari imechelewa, usikilize watu. Viti vinabana, chakula hakiliki, wahudumu wamenuna, begi la mkononi linapimwa kama dhahabu. Malalamiko hayo ni ya kweli na mimi mwenyewe nimeyatoa mara nyingi. Ila sababu tunazozitaja mara nyingi ni za uongo, na uongo huo unatuumiza: tunamfokea asiyehusika, anayehusika hata hatumfikirii.

Dhana potofu: Zamani mashirika yalimthamini abiria, siku hizi utu umekwisha.

Wazee waliopanda Super VC10 ya East African Airways kwenda London, kabla shirika halijavunjika mwaka 1977, wanaisimulia safari ile kama harusi waliyoalikwa. Nawaamini. Lakini ukarimu ule ulikuwa na sababu yake. Nauli za kimataifa zilipangwa kwa makubaliano ya mashirika yenyewe ndani ya umoja wao, IATA, na serikali zikaziidhinisha. Shirika halikuruhusiwa kushusha bei ili kumvuta mteja wa mwenzake, kwa hiyo likabaki kumvuta kwa sahani na tabasamu. Mwaka 1958 lilipoanzishwa daraja la bei nafuu katika safari za kuvuka Atlantiki, ilikubaliwa kwamba abiria wake wapewe sandwichi tu, tena za baridi na za kawaida. Baadhi ya mashirika ya Ulaya yakarundika nyama na samaki juu ya mkate hadi mkate wenyewe haukuonekana. Pan Am ya Marekani ikalalamika, na SAS ya Skandinavia ikapigwa faini. Ugomvi wa mkate ulifika huko kwa sababu bei ilikuwa imefungwa, na chakula kilikuwa karibu silaha pekee iliyobaki.

Ndani ya Marekani mambo yalikuwa hivyo hivyo hadi tarehe 24 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoyaachia mashirika uhuru wa kujipangia nauli. Tangu hapo vita ikahamia kwenye bei. Ukiondoa mfumuko wa bei, nauli za huko zimeshuka kwa karibu nusu, na kila kilichokuwa ndani ya tiketi kikaanza kunyofolewa na kuuzwa peke yake. Mwaka 2008 American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza, na mashirika mengine makubwa ya nchi hiyo yakafuata.

Kwetu mabadiliko yalikuja baadaye. Novemba 2012 shirika la bei nafuu la fastjet lilianza safari za Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli iliyotangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Siwezi kuilaani siku ile. Watu waliozoea kukaa ndani ya basi mchana na usiku ili kuwahi msiba Mwanza walifika kwa saa moja na nusu. Anayetamani enzi za sahani na vitambaa akumbuke kwamba wengi wetu tusingekuwa ndani ya ndege ile.

Dhana potofu: Viti ni vilevile, sisi ndio tumenenepa.

Hapana. Nafasi kati ya kiti na kiti, ukipima kutoka mgongo wa kiti kimoja hadi mgongo wa kinachofuata, ilikuwa ikifika inchi 35 katika daraja la kawaida. Leo inchi 31 ndiyo desturi, na baadhi ya mashirika ya bei nafuu yameshuka hadi 28. Inchi saba ni kama sentimita 18, yaani goti zima.

Upana nao una habari yake, na mfano mzuri ni Boeing 787, ile tunayoiita Dreamliner. Mwili wa ndege hiyo unatosha viti vinane kwa mstari kwa raha. Japan Airlines imepanga vinane hivyo katika safari zake za kimataifa. Karibu mashirika mengine yote, pamoja na Kenya Airways na Air Tanzania, yamepanga tisa. Ndege ni ileile, ukuta ni uleule. Kiti cha tisa kimekatwa kwenye mabega ya wale wanane, na waliokaa pale wanagombania sehemu ya kuwekea mkono wakidhani jirani ndiye mkorofi.

Dhana potofu: Kiti kingekuwa kidogo mno, serikali ingekikataza.

Kwanza hata mimi niliamini hivi. Kanuni iliyopo Marekani inataka ndege iliyojaa iweze kutolewa watu wote ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Kiti chenyewe hakikuwekewa kipimo. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliiagiza mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, iweke ukubwa wa chini kabisa unaoruhusiwa, na likaipa mwaka mmoja. Mwaka 2022 FAA ilikuwa bado inakusanya maoni ya wananchi. Majaribio iliyofanya Oklahoma City yalitumia watu wenye afya njema wa miaka 18 hadi 60. Bibi mwenye fimbo hakuwemo, wala mama mwenye mtoto mgongoni, na hao ndio tunaosafiri nao kila siku.

Dhana potofu: Wahudumu wa siku hizi hawana adabu.

Hapa ndipo panaponiuma zaidi.

Mhudumu wa kwanza wa kike katika ndege za abiria, Ellen Church, alianza kazi Marekani mwezi Mei 1930, naye alikuwa muuguzi. Waliomfuata kwa miongo mingi waliajiriwa wakiwa hawajaolewa, wakapimwa uzito, na katika mashirika kadhaa wakaachishwa kazi wakiolewa au wakivuka miaka thelathini na kidogo. Ilibidi wanawake waende mahakamani. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba shirika la United lilivunja sheria kwa kumfukuza mhudumu kwa kosa la kuolewa. Lile tabasamu tunalolililia lilitoka kwa binti aliyejua kwamba ndoa yake inaweza kumpokonya mkate.

Leo je? Katika mashirika mengi ya Amerika Kaskazini malipo kamili ya mhudumu huanza kuhesabiwa mlango ukishafungwa. Dakika zile anazokupokea na kukutafutia sehemu ya begi amekuwa akizifanya bure, au kwa nusu malipo tangu shirika la Delta la Marekani lilipoanza utaratibu huo mwaka 2022. Wahudumu wa Air Canada waligoma Agosti 2025, na kazi hiyo isiyolipwa, inayofanywa ndege ikiwa bado ardhini, ilikuwa kiini cha madai yao. Ukikutana na uso uliochoka pale mlangoni, jua huenda saa yake ya mshahara bado haijaanza.

Isitoshe, kazi yake ya kwanza si kukuletea soda. Tarehe 2 Januari 2024 ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani ilipokuwa ikitua Haneda, Tokyo, ikashika moto. Watano kati ya sita waliokuwa kwenye ndege ndogo walifariki. Ndani ya ile kubwa walikuwemo watu 379. Vipaza sauti viliharibika. Wahudumu wakatumia vipaza vya mkononi na koo zao, wakatumia milango mitatu tu kati ya minane, na wote 379 wakatoka hai. Abiria waliacha mabegi yao walipoambiwa waache. Nikiona mtu anamfokea mhudumu kwa sababu ya begi, picha ya ndege ile inanijia.

Dhana potofu: Chakula hakina ladha kwa ubahili tu.

Ubahili upo, lakini hewa nayo inachangia. Ndani ya ndege msukumo wa hewa unaweza kulingana na ule wa mita 2,400 juu ya bahari, juu kuliko Nairobi, na hewa ni kavu sana. Pua ikikauka, chumvi na sukari hupungua ulimini hata kama mpishi hakukosea.

Dhana potofu: Umenunua tiketi rahisi, usidai kitu.

Mama yangu mdogo alirudi kutoka Muscat begi lake halikuja. Kaunta walimwambia, "Nenda nyumbani, mama, tutakupigia." Likaja siku ya nne. Alikuwa ameshanunua nguo na dawa upya, na akasema tiketi ilikuwa ya punguzo, atamdai nani? Nami nilinyamaza, kwa kutojua.

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania, Kenya na Oman zimo, hauulizi tiketi ilikuwa ya bei gani. Mzigo ukipotea, ukiharibika au ukichelewa katika safari ya kimataifa, shirika linawajibika kwa hasara unayoweza kuithibitisha, na tangu mwisho wa 2024 kikomo ni karibu dola 2,000. Malalamiko yaandikwe ndani ya siku 7 kwa begi lililoharibika, na ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa lililochelewa. Kwa wanaotoka Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inalinda kila safari inayoondokea huko, shirika liwe la wapi. Ukitoka Paris kuja Nairobi ukafika umechelewa zaidi ya saa nne kwa kosa la shirika, ni euro 600. Hali mbaya ya hewa haihesabiki.

Safari iliyofuata begi la mama mdogo lilifika gurudumu limeng'oka. Hakutoka ukumbi wa mizigo hadi alipojaziwa fomu ya taarifa yenye namba, risiti ya begi akaibana ndani ya pasipoti.