Kukodi gari Oman: ramani ya simu inaijua barabara, mkataba wako haiujui

Ikishafika mwezi wa tano hivi maswali ya Oman yanaanza kumiminika kwenye dawati letu la madai ya bima ya safari. Wapo wanaotaka kwenda Salalah kuona khareef, ile mvua ya manyunyu ya kuanzia Juni hadi Septemba inayogeuza milima ya Dhofar kuwa kijani, wapo wenye shangazi na binamu Muscat hawajaonana miaka, wapo wanaotoka Dubai kwenye biashara wanasema ngoja nipitie na huko, na karibu wote wanauliza kitu kimoja, je nikikodi gari nikaendesha mwenyewe inawezekana?

Inawezekana, tena vizuri tu. Barabara ni lami safi, vibao vimeandikwa Kiarabu na Kiingereza, petroli station kuna mtu anakuwekea mafuta wewe umekaa zako ndani, na ukipotea Muscat ukauliza njia usishangae mzee wa kanzu na kofia anakujibu Kiswahili cha Unguja kizuri kuliko hata chako. Kuendesha sio shida kubwa. Madai mengi tunayoyakataa, na wala hatufurahii kuyakataa, yanatokea sehemu mbili, karatasi iliyosainiwa kaunta bila kusomwa, na simu iliyosema kata kulia mtu akakata.

Tuanze na karatasi. Utaambiwa gari ina bima, na ni kweli inayo, lakini ndani yake kuna kitu kinaitwa ekses, yaani kile kiasi cha mwanzo ambacho unabeba mwenyewe kila uharibifu unapotokea. Tuseme ekses yako ni rial 250, umechubua bampa kwenye nguzo ya paking, fundi kasema rial 90, hizo 90 zote ni zako, bima haijaguswa hata kidogo. Na hapa wengi wanadanganywa na ukubwa wa namba, mtu akiona 250 anaona kidogo, kumbe rial moja ya Oman ni kama dola 2.60 za Marekani, hiyo 250 ni dola 650, piga mahesabu kwa shilingi ya kwenu uone. Kwa hiyo ukisoma kitu chochote pale kaunta zidisha kwanza ndio ushangae au usishangae.

Halafu kuna vitu ambavyo kwenye mikataba mingi bima ya kawaida haivigusi kabisa, tairi, vioo, chini ya gari, ufunguo ukipotea, na maji yakiingia kwenye injini. Uliza kimoja kimoja, kwa sauti, usione aibu kuna foleni nyuma yako. Unaweza kulipia zaidi kwa siku ili ekses ishuke au iishe, kama unaenda milimani mimi nakushauri lipia, kama unazunguka Muscat tu na mashangazi ni maamuzi yako.

Jina la dereva. Hili limetuumiza watu wengi kuliko mlima wowote. Gari umekodi wewe, jina lako ndio lipo kwenye mkataba, sasa umefika kwa ndugu, binamu anasema lete ufunguo mimi njia nazijua, anaendesha kwa nia nzuri kabisa, anagongwa nyuma pale kwenye taa. Hapo bima inauliza swali moja tu, huyu dereva yupo kwenye mkataba? Kama hayupo hakuna cha kujadili. Kuongeza dereva wa pili kunafanyika palepale kaunta, anakuja na leseni yake wanaandika, yameisha.

Leseni nayo, beba ile halisi ya nchi yako pamoja na leseni ya kimataifa, Kenya watu wengi wanaichukua AA Kenya. Ya kimataifa peke yake haikusaidii kitu maana ile ni kijitabu cha kutafsiri leseni yako, sio leseni. Kampuni nyingi zinataka uwe na miaka 21 kwenda juu na kwa magari makubwa wanapandisha. Na wanataka kadi ya benki ya plastiki yenye jina la dereva mwenyewe, sanasana kredit kadi, kwa sababu wanashikilia hela ya dhamana humo. Zile kadi za ndani ya simu zinazotolewa na mitandao yetu zinafanya kazi nzuri ukilipia tiketi lakini kwa dhamana ya gari mara nyingi wanazikataa, sasa usije ukagundua hayo umeshatua usiku na watoto wamelala juu ya mabegi.

Ukipewa gari usiondoke. Washa kamera ya simu, piga video gari nzima polepole, anza na namba ya gari, zunguka, inama uchukue na chini ya bampa, rimu zote nne, kioo cha mbele mpaka kwenye kona maana ndiko vijiwe huwa vinaacha alama, kisha ingia ndani uchukue dashbodi ikionyesha kilomita na mafuta. Fungua buti, tairi la akiba lipo? Jeki ipo? Halafu angalia tairi zenyewe, ubavuni kuna namba nne ndani ya kiboksi, mfano 2319, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Joto la kule kiangazi linapita nyuzi 40 na linachosha mpira vibaya sana, tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa kwa macho lakini ni zee, ukiona ni la miaka mingi omba gari nyingine, ni haki yako. Mkwaruzo wowote uandikwe kwenye fomu yao, sio kuambiwa "usijali bosi hicho kidogo", hicho kidogo siku ya kurudisha huwa kinakua.

Sasa barabarani. Oman wanaendesha kulia, usukani upo kushoto. Wasomaji wa Burundi, Rwanda na Kongo hamna neno, nyinyi mpo nyumbani, ila sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda siku ya kwanza kila tukitaka kuonyesha indiketa tunawasha waipa, maana kwenye hizi gari zetu za Japani mkono wa indiketa upo kulia na kule upo kushoto. Waipa haiui mtu. Kinachoua ni kiplefti na kukata kona kwenye barabara tupu. Kule magari yanazunguka kiplefti kinyume na mshale wa saa na aliyepo ndani ndio mwenye haki, kwa hiyo macho yako yaangalie kushoto kabla hujaingia, sio kulia ulivyozoea. Na hatari yenyewe haipo mchana kwenye foleni, hapo unafuata wenzako tu, ipo alfajiri unapotoka petroli station barabara haina gari hata moja, mwili unakupeleka kushoto wenyewe. Abiria wa mbele apewe kazi, kila mkitoka sehemu aseme "kulia kulia", hata kama mtamcheka.

Spidi kwenye barabara kuu kubwa ni mpaka 120, kamera zimejaa, na gari nyingi za soko la Ghuba ukipita 120 zinapiga kengele, ting ting ting mpaka upunguze, acha ipige na wewe punguza, usitafute jinsi ya kuizima. Kushika simu mkononi ni faini. Muscat sehemu nyingi paking ni za kulipia, usipolipa faini inakwenda kwa kampuni na kampuni inakukata wewe na juu yake wanaweka ada yao ya usumbufu.

Tuje kwenye ramani, na hapa naomba utulie. Kabla hujatoka hotelini au kwa ndugu, ukiwa na wifi, pakua ramani ya Oman nzima ikae kwenye simu, maana kati ya Adam na Haima, ile miji ya jangwani njia ya Salalah, mtandao unakuja na kuondoka. Majina ya sehemu yanaandikwa kila mtu na lake kwa sababu yanatoka Kiarabu, Seeb utaikuta As Sib, Sohar utaikuta Suhar, ukiandika vibaya simu inakupeleka mtaa mwingine wenye jina linalofanana. Bora uombe lokesheni kwa WhatsApp, Waomani wenyewe ndivyo wanavyoelekezana.

Lakini hata ukiandika sawasawa, simu inatafuta njia fupi. Haijui umekodi gari ya aina gani. Mfano Jebel Akhdar, ule mlima wa mawaridi na makomamanga karibu na Nizwa. Barabara yake ni lami tupu, pana, simu itakupandisha bila wasiwasi, ila pale chini Birkat al Mawz kuna kizuizi cha polisi na gari ambayo sio foo-wili hairuhusiwi kupanda. Watu wanalalamika mbona lami nzuri, jamani tatizo sio kupanda, ni kushuka, kule juu Saiq ni kama mita 2,000 na mteremko ni mkali na mrefu, breki za gari ndogo zinapata moto mpaka zinaacha kushika. Hata ukiwa na foo-wili shuka na gia ndogo, usikanyage breki mwanzo mwisho.

Kizuizi angalau kinakuokoa. Pale kati ya Al Hamra na upande wa Rustaq hamna wa kukuokoa. Simu inaweza kukuonyesha njia ya kukatiza mlima kupitia Hatt na Wadi Bani Awf, kwa kilomita ni fupi sana ukilinganisha na kuzunguka, kumbe ni ile njia maarufu ya wapenda foo-wili, mteremko mkali, mawe, ukingo mmoja ni ukuta na mwingine ni shimo. Tulishapokea dai la familia iliyoingia huko na gari ndogo ya kukodi, sampo ya oili ikapasuliwa na jiwe, hakuna aliyeumia alhamdulillahi, lakini mkataba ulisema wazi gari isitoke barabara ya lami, na chini ya gari hakukuwa na bima. Walilipa injini. Baba wa watu alikuwa anatuonyesha skrini ya simu, "si hii hapa imenielekeza?" Ni kweli imemuelekeza, ila aliyesaini ni yeye.

Ya tatu ni Musandam. Ni Oman hiyohiyo lakini imetengwa, ukitoka Muscat kwenda Khasab kwa gari lazima upite ndani ya Falme za Kiarabu, na simu inachora mstari wa bluu bila kukuambia umevuka mpaka. Unahitaji barua ya ruhusa ya kampuni, bima inayofanya kazi upande wa pili, na viza ya hizo Falme kama pasipoti yako inahitaji, na kumbuka kama viza yako ya Oman ni ya kuingia mara moja ukitoka imekwisha. Mimi ningesema panda ndege ya ndani.

Wadi hizi nazo, mabonde makavu yanayokatiza barabara. Mvua inanyesha milimani mbali, wewe ulipo jua linawaka, na maji yanashuka kwa kishindo ndani ya dakika chache. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu Oman, wakiwemo watoto wa shule waliosombwa na gari yao huko Samad al Shan. Ukikuta maji yanatembea juu ya barabara, simama. Hata kama kuna mwenye Land Cruiser kapita. Kuvuka wadi kwa makusudi yakiwa yanatiririka ni kosa la kisheria kule, na kwa bima ndio hivyo, dai linakufa.

Kwa wanaoenda Salalah kwa barabara, ni kama kilomita 1,000 kutoka Muscat, kwa hiyo angalia mkataba unakupa kilomita ngapi kwa siku, nyingi ni 200 au 250 ukizidisha unalipia kila kilomita. Jaza mafuta Adam, ongeza Haima, usingoje taa iwake. Usiku msiendeshe, kuna ngamia, na ngamia miguu yake ni mirefu, ukimgonga mwili wote unakuja kwenye kioo. Ukishapita Thumrait unaanza kushuka kwenye ukungu wa khareef, washa taa za chini, sio fuli, fuli inakurudishia mwanga usoni.

Ikitokea ajali piga 9999, namba ya dharura ya polisi, kisha kampuni ya gari, kisha sisi. Msikubaliane pembeni kwa maneno hata kama mwenzio ni muungwana wa kukupa kahawa na tende. Bila ripoti ya ajali hakuna bima ya huko itakayokulipa, na hata sisi huku hatuna cha kushika.

Siku ya kurudisha usiende dakika za mwisho ndege inaita. Jaza mafuta karibu na eapoti utunze risiti, piga video tena kama ulivyopiga mwanzo, na usitoe ufunguo mpaka mtu amekagua na kukusainia karatasi kwamba gari imepokelewa salama. Kama ni usiku na ufunguo unaachwa kwenye kisanduku, video yako ndio shahidi pekee. Hela ya dhamana haiachiliwi palepale, wanasubiri faini za kamera zitokee kwanza na benki nayo ina mwendo wake, inaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Ukipita mwezi kimya, waandikie kampuni kwa imeili na benki yako humohumo, ambatanisha ile karatasi ya kupokea gari, na wakikukata hela ya faini dai uonyeshwe faini yenyewe, tarehe, saa na sehemu, maana tumeshakuta mtu kakatwa faini ya siku ambayo alikuwa ameshalala kwake Kariakoo.