Ufundi wa sauti Arusha na Moshi: watu wanavyodhani na kazi ilivyo

"Kazi ya sauti ni kupika biti." Biti ni kipande kidogo tu. Arusha ni mji wa mikutano: kuna AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa), makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika, mbali na kumbi za hoteli. Huko utakutana na maiki za mezani, wakalimani na watu wanaojiunga kwa Zoom. Anayejua biti pekee hukwama mapema, maana msemaji wa mtandaoni anaanza kulalamika kwamba sauti yake inamrudia. Kosa ni kumpelekea mchanganyiko mzima wa ukumbi, na yeye mwenyewe akiwa ndani yake. Mpelekee sauti kupitia tundu lililoandikwa AUX kwenye mikseri (mashine ya kuchanganya sauti): pandisha humo maiki zote za ukumbi, ila chaneli yake yeye ibaki sifuri. Moshi nako, kwaya, ibada na harusi hazikosi fundi wikiendi.

"Trei za mayai na sponji zinazuia kelele." Hii ndiyo inayokula hela za vijana kuliko zote. Sponji hupunguza mwangwi wa ndani ya chumba. Bodaboda ya nje inapita kama kawaida, maana kinachozuia kelele ni uzito na kuziba nyufa. Tofali lililopigwa lipu, mlango mzito wenye mpira pembeni, dari ya jipsamu tabaka mbili chini ya bati. Ukikosa dari ya namna hiyo, masika usimpangie mtu kurekodi mchana mvua ikinyesha, bati litakushinda. Besi ni ngumu zaidi: wimbi la 100 Hz (mitetemo 100 kwa sekunde) lina urefu wa kama mita 3.4, kwa hiyo godoro la inchi 4 halilitikisi. Godoro lina kazi yake, lakini liweke nyuma ya mwimbaji. Wengi huliweka nyuma ya maiki, na maiki ya kuimbia husikia zaidi upande wa mbele. Mwangwi unaoingia ni ule unaotoka ukutani nyuma ya mgongo wa mwimbaji.

"Geini ikiwa juu, sauti inakuwa nzito." Geini ni kiwango cha kukuza sauti inayoingia. Ikizidi, sauti inakuwa imepasuka, na iliyopasuka wakati wa kurekodi haina dawa ya uhakika. Rekodi kwa biti 24 (hizi ni za kidijitali, 24-bit, si biti za muziki), vilele vya sauti viishie kati ya -12 na -6 dBFS, kipimo ambacho sifuri ndiyo mwisho kabla ya kupasuka. Ukubwa utaongeza baadaye.

"Spika zikinguruma, kata pini ya ethi." Usiikate kamwe! Kifaa kikipata hitilafu, mwenye kushika maiki ndiye atakayepigwa na umeme. Mngurumo wa 50 Hz mara nyingi unatokana na kompyuta na mikseri kuchomekwa kwenye soketi mbili zilizo mbali, ethi zikafanya mzunguko. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja. Kinanda kilicho mita 20 kutoka kwenye mikseri kiwekee DI boksi (kiboksi kinachoandaa sauti ya kinanda isafiri mbali bila kelele) hapo hapo kilipo, kisha waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu, ndio usafiri.

"Studio ni yangu, basi na wimbo ni wangu." Kuwa na mashine peke yake hakukupi hakimiliki. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Kabla maiki haijawashwa, andikeni nani anabaki na rekodi mama na nani na faili za mradi. Ongezeni na idadi ya marekebisho: mawili yamo kwenye bei, la tatu linalipiwa.