Je, wajua kwa nini zamani Rolls-Royce iliuzwa bila bodi?

Mwaka 1925, mtu aliyelipia Rolls-Royce Phantom mpya hakukabidhiwa gari la kupanda. Kilichotoka kiwandani Derby, Uingereza, kilikuwa fremu ndefu ya chuma yenye magurudumu, injini, giaboksi, usukani, boneti na ile rejeta maarufu iliyofanana na uso wa hekalu la Kigiriki. Mlango hakuna, paa hakuna, viti hakuna. Dereva wa majaribio aliyekitoa barabarani alikalia kiti cha muda kilichofungwa juu ya fremu, upepo ukimchapa kutoka kila upande.

Aliyewahi kuona matatu ikiundwa Nairobi hatashangaa. Mwenye pesa hununua fremu na injini ya lori, halafu huipeleka kwa mafundi wa bodi wachomelee mabomba, wapige bati na kupanga viti anavyotaka yeye. Matajiri wa London walifanya vivyo hivyo, ila wao walikwenda kwa fundi wakiwa na kofia ndefu vichwani, na kimo cha paa kilipimwa kwa kuzingatia urefu wa kofia hizo.

Kwa nini kiwanda hakikumalizia kazi yake chenyewe? Kwanza, ufundi wa bodi ulikuwapo kabla ya injini. Barker, waliovalisha Rolls-Royce nyingi za mwanzo, walikuwa wakiunda magari ya farasi tangu 1710. Hooper walianza 1805, na familia ya kifalme ilikuwa miongoni mwa wateja wao. Henry Royce, aliyekutana na Charles Rolls mjini Manchester mwaka 1904, alikuwa mtu wa dainamo na kreni. Useremala, ushonaji wa ngozi na upakaji vanishi vilikuwa na wenyewe, na wenyewe walijaa London.

Sababu ya pili ni hesabu, na nadhani ndiyo nzito zaidi. Ili bodi ya chuma itoke kwenye mashine, lazima kwanza uwe na kalibu kubwa ya kila kipande, na kalibu hizo ni ghali mno. Ford aliweza kwa sababu aliuza Model T takriban milioni 15 kati ya 1908 na 1927. Rolls-Royce, katika miaka 20 hivi ya Silver Ghost, gari lao lililoitangulia Phantom, walitengeneza gari zisizofika 8,000, ukijumlisha na zile zilizoundwa Marekani. Gharama ya kalibu ingerudi lini? Nyundo ya fundi ilikuwa nafuu.

Kazi ya fundi huyo ilianza na mchoro, mteja akiutazama na kubadilisha hapa na pale. Kisha seremala alichonga mifupa ya bodi kwa mbao za mti wa Ulaya uitwao ash, mgumu lakini unaostahimili mtikisiko bila kupasuka. Juu ya mifupa hiyo yalikuja mabati ya alumini. Fundi alilipitisha bati katikati ya magurudumu mawili ya chuma yanayobana, akilisogeza mbele na nyuma, huku jicho na kiganja vikimwambia limepinda vya kutosha au bado. Ndiyo maana mlango wa gari moja ungeweza kukataa kuingia kwenye gari jingine la karakana ileile. Baada ya hapo rangi: tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisuguliwa kabla ya inayofuata, wiki baada ya wiki.

Mbao zilikuwa na kero yake, kwani barabara mbovu zilizifanya zilie. Rubani mmoja, Charles Weymann, alitatua hilo kwa kuunga vipande vya mbao kwa vibati vya chuma ili ubao usigusane na ubao, kisha akafunika yote kwa kitambaa kinachofanana na ngozi. Bodi za Weymann zilikuwa nyepesi na kimya, na zilivuma sana miaka ya 1920.

Mteja naye alikuwa huru kupita kiasi. Kuna waliomiliki fremu moja na bodi mbili, ya wazi kwa kiangazi na iliyofungwa kwa baridi. Mwaka 1926 Clarence Gasque, mkubwa wa fedha katika maduka ya Woolworth Uingereza, alimtengenezea mkewe Phantom ambayo ndani ni kama sebule ya mfalme wa Ufaransa, hadi picha zilizochorwa darini. (Mimi nisingethubutu kunywa hata maji humo.) Vita navyo vilichagua vazi lake: fremu ya Silver Ghost ilivikwa deraya na bunduki ya mtombo, na magari hayo yalifika hata Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani.

Mwisho ulianza mwaka 1946. Bentley, ambayo Rolls-Royce walikuwa wameinunua 1931, ilitoa Mark VI ikiwa na bodi ya chuma iliyofinyangwa kwa mashine, na mnunuzi akaondoka na gari zima. Rolls-Royce yenyewe ikafuata mwaka 1949 na Silver Dawn. Hooper waliacha kuunda bodi mwaka 1959, na mwaka huohuo Rolls-Royce wakamnunua H. J. Mulliner, muunda bodi mwingine, kama walivyokuwa wamemnunua Park Ward kabla ya hapo.

Waliosalia waliendelea kupewa fremu chache, hasa za Phantom za wakuu wa nchi. Lakini mwaka 1965 ikaja Silver Shadow, ambayo sakafu, nguzo na paa lake viliunganishwa kuwa kitu kimoja kinachobeba injini na magurudumu. Hata kama mteja wa gari hilo angetaka kumpelekea fundi wake fremu tupu, fremu yenyewe haikuwapo; ni Phantom pekee iliyoendelea kuwa nayo.