Glavu nyeupe na kitabu cha kale

Kwenye filamu huwa hivihivi: mtaalamu anavaa glavu nyeupe za pamba, ndipo anafungua kitabu cha miaka 400. Wengi wetu tumeamini kwamba bila glavu, jasho la vidole litakila kitabu.

Maktaba nyingi za vitabu adimu husema kinyume. British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, kwa mfano, hupendekeza mikono mitupu, iliyooshwa na kukaushwa vizuri, bila losheni. Sababu ni ya kawaida tu. Ukivaa glavu huhisi unene wa karatasi, kwa hiyo unafunua kurasa mbili kwa pamoja au unachana pembe iliyochakaa. Nyuzi za pamba nazo hunasa kwenye mipasuko ya ukingo, na zinaweza kung'oa rangi inayobanduka. Tena glavu hushika vumbi upesi, na nani hukumbuka kufua glavu?

Lakini usizitupe. Picha za zamani huingia alama za vidole zisizofutika, na chumvi ya jasho huchafua vitu vya metali. Kwa hiyo siwa ya shaba ya Lamu, ile pembe kubwa ya kupulizwa kwenye sherehe, ishike kwa glavu, ikiwezekana za mpira bandia (nitrile), maana za pamba huteleza.